Majimbi Yasiyooshwa

Siku niliyoanza kazi nyumbani kwake Kenton, mzee yule alikuwa na kilo hamsini na mbili, na sote tuliohusika tulijua kwamba akishuka chini ya hamsini ataondolewa. Muuguzi wa mtaa alilisema jambo hilo mbele yake, kwa sauti ya upole, huku akirudisha mizani kwenye mfuko wake. Mahali pa kumpeleka palikwisha chaguliwa: nyumba ya kutunzia wazee karibu na anakoishi binti yake, mwendo wa saa mbili kwa gari nje ya London. Hakuwa na ugonjwa wa kutajika. Mkewe alikuwa amefariki miezi miwili kabla, na tangu hapo chakula kilikuwa hakimpiti kooni.

"Nimeshahamishwa mara tatu," mzee aliniambia, muuguzi alipokwisha kutoka. "Mara mbili na watu wenye bunduki, mara moja na njaa. Sasa wamekuja na mizani."

Niliandika saa na tarehe kwenye daftari.

Kuandika ilikuwa nusu ya kazi yangu. Wakala wa kazi za utunzaji alinituma siku tano kwa wiki, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa u nusu, kumwogesha, kumpikia na kuandika kila alichokula. Wenzangu wengi waliliona daftari kama adhabu. Mimi nililipenda. Shule ilinikatikia Unguja nikiwa na miaka kumi na tano, Mapinduzi yalipotokea, na tangu hapo kila ninachokijua nimekipata kwa kusoma mwenyewe na kuandika pembeni. Nilichora safu nne: saa, chakula, kiasi alichopewa, kiasi alichobakisha. Safu ya mwisho ndiyo iliyokuwa ikijaa.

Mzee alikuwa Mturuki wa Saiprasi. Alikuja London baada ya kisiwa chao kukatwa vipande viwili, akafanya kazi ya kupiga pasi magauni katika kiwanda cha nguo mpaka magoti yakamkatalia. Tulizungumza Kiingereza, yeye na chake, mimi na changu. Nilimwita ami, kama ninavyomwita mtu yeyote wa rika la baba yangu. Yeye aliniita karani.

"Karani, andika," alikuwa akisema, akiisukuma sahani kwa kidole kimoja. "Leo amekula hewa. Hewa imempendeza. Kesho ataomba aongezwe."

"Ami, vijiko vitatu tu."

"Umeviona vijiko vyenyewe? Kile si kijiko, ni koleo la makaburini."

Kisha alinikaribisha kahawa. Kila siku, saa tano kamili, alitaka tupike kahawa katika kibirika kidogo cha shaba chenye mkono mrefu, na kila siku nilimpikia kikombe kimoja. Akiniuliza changu kiko wapi, nilimjibu kwamba kanuni za kazi hazituruhusu kula wala kunywa cha mwenye nyumba. Hilo lilikuwa kweli. Lakini haikuwa sababu. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, mwaka ambao Ramadhani iliangukia Disemba, na nilikuwa nimefunga. Sikutaka kumwambia. Picha za ukutani zilimwonyesha yeye na wenzake wa kiwandani na gilasi za mvinyo mezani, nikaona nikimwambia nimefunga ataona ninampimia dini yake. Kwa hiyo kahawa aliinywa nusu peke yake, mimi nikisimama mlangoni na daftari.

Baada ya siku kumi nilimpandisha kwenye mizani ya zamani ya mkewe iliyokuwa bafuni. Hamsini na robo. Muuguzi alikuwa arudi baada ya wiki mbili nyingine.

Jioni ile, nyumbani kwangu Wembley, nililifungua daftari tangu ukurasa wa kwanza. Jumamosi na Jumapili alikuwa akija mhudumu mwingine, mwanamke mmoja mwandiko wake mkubwa. Nilizitazama siku zake. Supu, nusu bakuli. Mkate na yai, amemaliza. Wali, robo tatu ya sahani. Nikarudi kwenye siku zangu: vijiko vitatu, vijiko viwili, amekataa, amekataa. Nilihesabu tena nikidhani nimekosea safu. Sikukosea. Mzee alikula akiwa na mtu mwingine, na kwangu mimi hakula.

Sikulala vizuri. Ikiwa sababu ni mimi, basi kila siku ninayokwenda Kenton ninamsogeza karibu na gari la kumwondoa. Nilifikiria kumwomba wakala anibadilishe. Kisha nikafanya ninachokifanya siku zote nikishindwa na jambo: nilikwenda maktaba.

Kwa siku tatu, baada ya kazi, nilisoma habari za Saiprasi kwa mpango. Kwanza mawe: shaba iliyochimbwa huko tangu zamani, hata jina la shaba katika lugha za Ulaya likatoka kisiwani. Kisha watawala, mmoja baada ya mwingine, mpaka Waveneti waliojenga kuta, Waothmani waliozivunja wakakaa karne tatu, na Waingereza waliokikodi kisiwa kwa Sultani kisha wakasahau kukirudisha. Nilisoma juu ya vijiji walimoishi Wagiriki na Waturuki pamoja, kanisa na msikiti vikitazamana. Nilisoma pia kwamba mapigano yaliyowatoa Waturuki wengi katika vijiji vya namna hiyo mara ya kwanza yalianza Disemba ileile ya uhuru wetu Unguja, wiki chache kabla ya Mapinduzi. Niliyaandika mambo hayo mawili mstari mmoja, nikayaangalia, nikafunga daftari. Nilikuwa nimekuja kutafuta chakula.

Chakula nacho nikakipanga. Jibini yao ngumu iliyokaa katika maji ya chumvi na nanaa, ambayo hukaangwa isiyeyuke. Ngano iliyopasuliwa, ikachachushwa kwa mtindi, ikaanikwa juani iwe supu ya wakati wa baridi. Asali nyeusi inayokamuliwa kutoka maganda ya mti fulani. Majani ya mlenda, yaliyokaushwa, yakapikwa kwa nyama na limau nyingi mpaka utelezi wake uondoke. Hapo nilistuka kidogo, kwa sababu mlenda naujua. Na ukurasa uliofuata ulikuwa na picha ya kitu ninachokijua zaidi: jimbi. Kubwa, lenye mizizi na udongo, na kikonyo kimebaki juu. Wao huliita kolokasi na hulila wakati wa baridi.

Nilifurahi kupita kiasi. Nilidhani nimeipata njia.

Asubuhi yake nilishuka kituo kimoja kabla, nikaingia katika duka la Wasaiprasi ambalo nilikuwa nikilipita kila siku. Majimbi yalikuwa ndani ya sanduku karibu na mlango. Nilichagua mawili na miguu ya kuku, tungule, vitunguu na mabua ya selari kama kitabu kilivyotaka. Nyumbani kwa mzee nikayamenya, nikayakata vipande sawasawa, nikayaosha. Niliyaosha maji matatu, kama alivyokuwa akifanya mama yangu, kama anavyofanya mke wangu, kama anavyofanya kila mtu ninayemjua, ili utomvu utoke yasiwashe. Kisha nikayatia sufuriani pamoja na kuku.

Saa saba nilimpelekea mezani. Mchuzi ulikuwa umekuwa mzito kama gundi. Ukiinua kijiko ulifuatana nacho uzi mrefu. Mzee aliutazama uzi huo mpaka ukakatika.

"Umeyaosha," alisema.

"Nimeyaosha vizuri, ami. Maji matatu."

"Maji matatu." Aliweka kijiko chini. "Yalikuwa yamekufa tangu maji ya kwanza. Hayo mawili ulikuwa ukiosha maiti."

Nilisimama na daftari, uso umenipata moto. Nilijaribu kujieleza kwamba kwetu majimbi huoshwa, huchemshwa, halafu hutiwa tui la nazi na kukolea. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwenu wapi?"

"Unguja. Zanzibar."

"Kisiwa?"

"Kisiwa."

"Na kwenu kisiwani, mtu aliyefunga humwangalia mwenzake akila, halafu anaandika?"

Kalamu ilibaki juu ya karatasi. Nilimuuliza amejuaje.

"Mtu anatawadha miguu kwenye beseni la bafu langu kila siku saa saba mchana, nifikiri ni fundi bomba? Halafu midomo imekauka, kahawa hanywi, anasema kanuni. Karani, nimezeeka, sijawa jiwe."

Nilivuta kiti nikakaa, jambo ambalo sikuwahi kulifanya mbele yake. Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema nini? Kwamba mimi sifungi? Hilo unaliona." Aligeuza uso kwenye dirisha. "Sijafunga tangu ujana. Mke wangu alifunga kila mwaka. Na kila mwaka mwezi huu nilikula kiwandani, nikirudi nyumbani nakaa na njaa mpaka afungue. Hakuniomba. Mtu hali mbele ya aliyefunga, basi. Kijijini kwetu hata Wagiriki hawakuvuta sigara mbele yetu mwezi huu. Na wao wakiwa katika mfungo wao kabla ya Pasaka yao, mama alifunga dirisha la upande wao akikaanga nyama. Siku hizo hatukuwa tumeanza kuuana."

Nilikumbuka kwetu. Ukipita watu wanakula unaambiwa karibu, na ukiketi unanawa. Ramadhani mchana hata mgonjwa aliyeruhusiwa hula nyuma ya pazia. Hayo nimelelewa nayo, sikuyasoma popote, na ndiyo maana sikuyatafuta. Nilikuwa nimesimama juu ya kichwa cha mzee kwa wiki mbili, kinywa kimefungwa, nikihesabu vijiko vyake, halafu nikaenda maktaba kuuliza anapenda nini.

"Nifanye nini, ami?" nilimuuliza.

"Kwanza, mwaga huo mchuzi."

Siku iliyofuata nilinunua majimbi mengine. Mzee alitaka kiti chake kiletwe jikoni. Aliniamrisha niyafute udongo kwa kitambaa kikavu, nimenye, na nisiyasogeze karibu na bomba hata kwa bahati mbaya. Kisha akachukua kisu mwenyewe. Nikasogea nimpokee.

"Kaa mbali. Hii si kukata."

Alikiingiza kisu pembeni mwa jimbi, kidogo tu, akakizungusha kiganja. Kipande kikavunjika kwa mlio mkavu. Akaingiza tena, akavunja tena. Ukilikata kwa kisu mpaka mwisho, alieleza, nyama yake inakuwa laini na inatoa ute wote; ukilivunja, linajifunga lenyewe. Maji hulifanya vivyo hivyo, huufungua ute. Vipande vyake vilikuwa vya kila umbo, hakuna viwili vilivyofanana. Vyangu vya jana vilikuwa vimepimwa kama tofali.

"Nani alikufundisha?" nilimuuliza.

"Nani afundishe? Wanawake walikuwa wakivunja uani, sisi tunasikia mlio tunajua leo ni kolokasi." Akanipa kisu. "Vunja. Usiogope, halina jamaa hapa."

La kwanza nililikata kwa mazoea. Alinipiga kofi dogo mkononi.

Chakula kilikuwa tayari saa nane. Hakukigusa. Nilimwambia ale, muda unapita, kilo hazingojei. Akauliza jua linachwa saa ngapi. Nilikuwa nayo ratiba mfukoni: saa kumi kasoro dakika nane. Zamu yangu inaisha saa tisa u nusu, nilimkumbusha, na huwa nafungua kwa tende kituo cha basi. Akasema kituo cha basi si mahali pa kula mtu mwenye mama.

"Ami, kanuni ni kweli zipo. Wakijua nimekula kwako, watanitoa."

"Wakinipima nikiwa arobaini na tisa, watanitoa mimi. Chagua nani atoke."

Zamu ilipokwisha nilibaki. Dakika ishirini na mbili zile zilikuwa ndefu kuliko mchana mzima. Kila gari lililopunguza mwendo nje nililidhania la msimamizi wangu. Wakati ulipofika nilitoa tende, nikampa moja, tukala. Majimbi yalikuwa yameshika, makavu ndani kama mbatata nzuri, mchuzi mwepesi, mchachu wa limau. Mzee alikula sahani moja bila kuinua uso. Kisha akaiburuta sufuria kwa mkono wake, akala nusu sahani nyingine. Nilitaka kuandika. Nikaliacha daftari kwenye kabati mpaka aliposhiba.

Tukaendelea hivyo kila siku ya zamu yangu. Mchana nilimwachia matunda na mtindi, nikatoka chumbani, nikirudi vimepungua. Saa kumi tulikula pamoja: siku moja supu ya ngano iliyochachushwa, aliyokuwa nayo kabatini tangu mkewe yu hai, siku moja mlenda wa kukausha aliotumiwa na jamaa, ambao tuliutia limau mbili, siku moja mimi nikampikia majimbi ya kwetu kwa tui, akasema ni matamu lakini yanahitaji msamaha. Alizungumza akila. Kijiji alikozaliwa kipo bado, aliniambia, upande wa kusini. Mlango wa nyumba yao unafunguliwa na watu wengine, nao walihamishwa kutoka kaskazini, pengine kutoka nyumba aliyopewa yeye baadaye. Aliuliza na mimi habari za nyumba yetu. Nilimjibu kwa ufupi, naye hakunisukuma.

Katika daftari niliandika: saa kumi, sahani nzima. Sikuandika nani alikuwa kiti cha pili, wala kwamba zamu iliisha nusu saa kabla. Hilo lilinisumbua kuliko njaa. Sijawahi kuwa na daftari lenye uongo, na ule ulikuwa uongo, ijapokuwa kila neno lake ni kweli.

Siku ya mizani muuguzi alifika saa tisa. Binti wa mzee alikuwa amekuja pia, mwanamke wa miaka arobaini hivi, koti hajalivua, funguo za gari mkononi. Mzee alipanda. Muuguzi akainama, akamwomba ashuke, akamwomba apande tena.

"Hamsini na moja na nusu," alisema. Kisha akanigeukia mimi. "Kimebadilika nini?"

Binti naye akanitazama. Nilijua majibu mawili. Nikisema ni majimbi, ningebaki na kazi, na siku nikiugua au nikipelekwa nyumba nyingine, mwenzangu atapika majimbi, atasimama mlangoni na kalamu, na mzee atakuwa na arobaini na tisa. Nikisema kweli, huenda kazi ingeniponyoka.

"Usimwambie, karani," alisema mzee.

Nilimwambia. Nilimweleza yote kwa mpangilio: mfungo, kusimama, siku za Jumamosi na Jumapili, saa kumi, kiti. Nikamfungulia daftari nikamwonyesha mahali nilipoficha. Muuguzi alisoma kurasa kadhaa, akauma mdomo, akatoa kalamu yake. Kwenye karatasi ya mpango wa matunzo aliandika kwamba mzee abaki kwake, apimwe tena baada ya wiki sita, chakula kikuu kiwe jua linapochwa, na mhudumu aketi ale pamoja naye. Aliniambia hawezi kunikinga na ofisi yangu. Barua ya onyo ilikuja kabla ya Idi, nami ninayo. Hawakunitoa, kwa kuwa karatasi ya muuguzi ilikwisha tangulia.

Wiki sita si nyingi. Nilizihesabu palepale jikoni, nikaona zitaishia wakati jua limeanza kuchelewa, Ramadhani imekwisha, na mimi sina tena sababu ya kumfanya angoje wala sina hakika atakula saa ngapi. Muuguzi aliaga. Binti akasema kwamba na yeye aondoke kabla barabara hazijajaa.

Mzee akamwambia kitu kwa lugha yao. Binti akajibu kwa Kiingereza kwamba hana njaa, atakula njiani.

"Wanaokula njiani ni mbuzi," alisema mzee, sasa kwa Kiingereza, ili nisikie. "Kaa."

Aliketi na koti lake. Nilipakua sahani tatu. Binti alivuta mkate, akaukata kipande, akawa anaupeleka kinywani, baba yake akamshika kifundo cha mkono.

"Bado dakika sita."

"Baba, wewe hufungi. Mimi sifungi."

"Yeye amefunga."

Binti aliniangalia, akaurudisha mkate. Tukangoja, watu watatu na mvuke wa majimbi, na mimi ndiye niliyekuwa nikiitazama saa.